Kona za Upagazini

Mwezi uliopita nilipita pale ulipokuwa mtaa wetu. Nyuma ya maduka mapya nilikuta vijana wanakanyaga udongo wa kufyatulia matofali. Harufu ya udongo mbichi ikanisimamisha. Mjukuu wa marehemu dada yangu, ambaye alikuwa amenishikia mfuko, akaniuliza, "Bibi, hapa zamani si palikuwa na vibanda vya kupanga tu?"

Nikamjibu ndiyo, kwa sababu ni kweli. Vilikuwa vibanda, na vilikuwa vya kupanga. Lakini nilipofika nyumbani lile neno "tu" likakataa kunitoka. Nimelala nalo siku tatu. Sasa nimechukua daftari. Shule sikusoma sana, niliishia darasa la nne, na kumbukumbu yangu siiamini kila mahali. Pale nisipokuwa na hakika nitasema. Ila hilo "tu" silikubali, na ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa umri wangu ambao nao wameambiwa hivyo hivyo wakanyamaza.

Mtaa uliitwa Upagazini. Wakubwa walisema ulianzishwa na wapagazi wa misafara waliochoka kubeba mizigo ya watu. Kila mmoja alijenga pale alipotua mzigo wake, ndiyo maana hakukuwa na nyumba iliyotazama upande mmoja na jirani yake. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba nyumba ziliegemeana, nyingine ziliegemea yale mawe yetu makubwa ya Singida, na katikati yake kulikuwa na vichochoro upana wa mtu na kikapu chake. Toka mlangoni kwetu hadi kisimani ulikuwa mwendo wa wimbo mmoja wa shule. Sokoni ni nyimbo mbili. Msikiti, duka la Mhindi, fundi wa viatu, mkunga, wote ulifika kwao kabla uji haujapoa. Hakuna aliyehitaji kupanda kitu. Miguu ilitosha.

Sisi tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya Bi Zuhura. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani jikoni na choo. Bi Zuhura alikuwa mjane wa askari wa zamani, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Chumba cha mbele alipanga Mama Kulwa, Mnyamwezi, mtwangaji wa mtama. Mama yangu, Debora, Mnyiramba wa Kinampanda, alikuwa msagaji. Alipiga magoti mbele ya jiwe lake uani tangu alfajiri, akasaga uwele na ulezi, kisha akaupeleka unga sokoni kichwani, mwenyewe. Baba alikuwa amekufa kwenye kazi ya reli nikiwa sijaanza kutembea.

Mama alikuwa haoni. Ulikuwa ugonjwa wa vikope, ambao wengi wetu tunaujua. Kope zinageuka ndani, zinakwangua jicho, mwaka hadi mwaka. Ulimchukua polepole, na polepole hiyo ilimpa nafasi ya kujifunza mtaa kwa mkono kabla jicho halijafunga kabisa. Alitembea na kiganja cha kushoto ukutani. Hakutaka kushikwa. Mimi niliamriwa kutembea nyuma yake hatua tatu, na nikisogea karibu aliniambia, "Kivuli chako kizito, kirudishe."

Sasa niseme ujinga wangu. Kwa kuwa kwetu wanawake wengi wazima walikuwa na kibano cha kung'olea kope kwenye pindo la kanga, na wengine walikuwa wameshafunga macho kama mama, mimi niliamini kwamba kupofuka ni sehemu ya kukua. Unang'oka meno, unaota matiti, unazaa, unapofuka. Macho yangu yenyewe yalianza kuwasha na kutoa matongo, nikaona nakua. Sikuogopa. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba siku ikifika nitakuwa sijajiandaa.

Basi nikawa najizoeza. Nilifumba macho nikaenda kisimani, kiganja ukutani kama mama. Nikazijua kona zote. Kona ya Bi Zuhura ilikuwa na vigae vya chungu vilivyochomekwa na fundi wa kwanza. Kona iliyofuata ilikuwa na mti wa nguzo uliojitokeza, laini kwa sababu mbuzi walijikuna hapo. Kisha ukuta wenye mifereji mitatu iliyochimbwa na mvua, kisha tundu ambalo mkono wangu uliingia wote, kisha lile jiwe kubwa, baridi hata mchana, na hapo unapinda kulia kwenda sokoni. Nilikuwa na umri wa miaka minane labda, au tisa. Niliufahamu mtaa ule gizani kuliko ninavyoifahamu leo nyumba yangu mwenyewe.

Kiangazi kimoja akaja mzungu wa afya na karani wake. Karani alikuwa kijana wa bara kama sisi, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, ana daftari kubwa. Walipita nyumba kwa nyumba wakichokonoa nyufa kwa kijiti. Walikuwa wakitafuta papasi. Nisiseme uongo, papasi walikuwepo. Walikaa kwenye nyufa za kuta na sakafu, wakatuuma usingizini, na homa yake ilimuua mtoto wa nyumba ya tatu. Kwa hiyo mzungu yule hakuja bila sababu, na sitamwandika kama shetani. Alichosema ni kwamba kuta zote zisawazishwe zisiwe na ufa wala tundu. Nyumba itakayoonekana na nyufa akirudi itabomolewa, na wapangaji wake watapewa viwanja kule ng'ambo ya kilima, kwenye mtaa mpya.

Mtaa mpya tulikuwa tumeuona. Barabara zake zilikuwa pana, na nyumba zilisimama mbalimbali kama watu waliogombana. Mama aliwahi kupelekwa kule kwenye msiba. Alirudi akasema, "Kule hakuna cha kushika."

Walipofika uani kwetu karani alimkuta mama kwenye jiwe. Akaandika, huku akisema kwa sauti, "Kipofu, mjane, hana kazi."

Mama hakuacha kusaga. "Mwanangu, hiki unachokisikia ni nini?"

"Nimekuuliza kitu, mama?"

"Hujaniuliza, ndiyo maana umekosea."

Mama Kulwa akacheka ndani ya kanga. Karani akaeleza, wala si kwa ukali, kwamba kuna amri. Watu wasiojiweza hawaruhusiwi kukaa mjini, wanarudishwa kwa watemi wao walishwe na ndugu. Magari yanaongezeka, kipofu atakanyagwa. Angeandikiwa cheti, angepelekwa Kinampanda kwa shemeji yake.

Huyo shemeji, baba yangu mdogo, hakuwa mtu mbaya. Kila mavuno alitutumia viazi na mtama kwa mtu wa lori. Lakini mama alikuwa ameshaona kipofu wa kijijini anavyoishi. Anawekewa kigoda penye kivuli, anahamishwa jua likihama, analetewa bakuli. Sauti ya jiwe ikasimama.

"Hapa nina chumba," mama akasema. "Kule nitakuwa na kona ya nyumba ya mtu. Mwambie bwana wako kazi yangu ni kusaga na kuuza. Aje siku yoyote anione nikienda sokoni. Nikishikwa mkono na mtu yeyote, nikipotea, nitapanda lori mwenyewe."

Karani akamtafsiria mzungu. Mzungu akamtazama mama, akatazama saa, akasema kitu. "Anasema wiki ijayo, siku ya kukagua kuta," karani akasema. "Toka hapa hadi sokoni. Peke yako."

"Aje amekula," mama akasema. "Asije akaniambia jua kali."

Zilipobaki siku tatu Bi Zuhura aliita wanawake wa mtaa mzima. Kwetu kukandika nyumba kabla ya mvua ni kazi ya wanawake wote, leo kwako, kesho kwangu, mpangaji na mwenye nyumba bila kubagua. Kila mwaka walikandika kwa kiganja. Udongo mwembamba ulifuata ukuta ulivyo, hauondoi kitu. Mwaka ule karani aliacha ubao wa kusawazishia, wa fundi mwashi, na wanawake wakaupenda. Walijaza udongo mnene wenye samadi, wakapitisha ubao, ukuta ukatoka kama meza. Vigae vikazama. Nguzo ya mbuzi ikafunikwa. Mifereji ya mvua, lile tundu, vyote. Juu wakapaka udongo mweupe wa kando ya ziwa. Mimi nilikanyaga udongo siku tatu mfululizo hadi magoti, na Bi Zuhura, ambaye hakuwahi kumsifu mtoto, akasema mbele za watu, "Huyu miguu yake ina akili kuliko ya wakubwa." Nilijiona nimepaa.

Mama walimwambia asihangaike. "Wewe una siku yako, pumzika. Tusagie tu ulezi wa uji wa wafanyakazi. Na usitoke, ukuta mbichi, ukiugusa utauharibu." Akasaga, akakaa ndani siku tatu. Walifanya hivyo kwa ajili yake zaidi ya mtu mwingine yeyote. Lazima liandikwe hilo. Hakuna mkono uliopaka udongo ule ambao haukumtakia mema.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe nilienda kisimani na macho yamefumbwa, kama kawaida yangu. Sikufika hata kona ya pili. Nilinyoosha mkono nikakuta laini, nikasogea nikakuta laini, nikajikuta nimegonga mlango wa watu. Nikafumbua macho. Mtaa wote ulikuwa mweupe na mzuri, kama Idi na Krismasi vimekuja pamoja.

Sikumwambia mama. Miaka mingi nimejiuliza kwa nini. Sababu ninayoikumbuka ni hii: nilidhani zile alama ni za wanaojifunza, kama mimi. Mama alikuwa kipofu aliyehitimu. Nilidhani mtu mzima hahitaji vigae, kama vile msomaji hodari hapitishi kidole chini ya maneno. Hiyo ndiyo sababu, au ndivyo ninavyojitetea. Inawezekana pia sikutaka kuisema vibaya kazi ya miguu yangu. Yote mawili nayaacha hapa.

Asubuhi wakaja. Mzungu alikagua kuta, akazigonga kwa vidole, akaonekana ameridhika. Kisha wakasimama kichochoroni. Watu walikuwa wamejaa milangoni. Mama akatoka na kikapu cha unga kichwani, kanga safi, mgongo umenyooka. Mimi nikarudi nyuma hatua tatu. Karani akanivuta akasema nikae mlangoni.

Mama akaweka kiganja ukutani, akaenda. Alipofika kona ya Bi Zuhura mkono wake ulipapasa juu, ukapapasa chini. Ukarudi. Nikaona vidole vyake vinatafuta vile vigae, na nikajua saa ile ile nilichokuwa nimefanya kwa kunyamaza. Akasogea, akafika penye nguzo ya mbuzi, hakuna nguzo. Akasimama.

Mama Kulwa akaelewa. Mbio akashika mchi wake akaanza kutwanga kinu kitupu, ili mama ajue mlango wake uko wapi. Lilikuwa wazo zuri. Wenzake nao wakaliona ni zuri. Nyumba ya tatu wakatwanga, ya tano wakatwanga, mtaa wote ukatwanga, du, du, du, toka kila upande. Mama akageuka, akageuka tena, akapiga hatua nne za haraka kuelekea siko.

"Mama," karani akasema, na alikuwa anacheka, "huko ni chooni."

"Nyamazeni," mama akasema.

Wakaendelea, nadhani hawakusikia.

"Nimesema nyamazeni. Mama Kulwa, weka mchi chini. Wote. Mmenisaidia vya kutosha."

Mtaa ukanyamaza hadi nikasikia nzi. Mama alivua viatu vyake vya ngozi, akavisukuma kando kwa mguu. Akakanyaga ardhi kwa nyayo, taratibu. Akainua uso. Ninyi wa Singida mnaujua upepo wa kwetu wa asubuhi. Mtaani kwetu uliingia penye upenyo kati ya nyumba, ukakupiga shavu moja, ukakuacha, ukakupiga jingine. Mama alikaa akigeuza uso polepole kama anayesikiliza redio. Kisha akakunja paji la uso.

"Karani."

"Naam, mama."

"Mwambie bwana wako atoke pale aliposimama. Amenizibia upepo."

Karani akawa mdogo. Akatazama viatu vyake. Ilikuwa si lugha aliyozoea kuitafsiri.

"Humwambii?" Bi Zuhura akauliza toka mlangoni. "Au nije nimsogeze mimi? Niliwahi kumsogeza askari mwenye bunduki, tena alikuwa mume wangu."

Karani akasema kitu kwa Kiingereza, kifupi sana. Mzungu akatazama pembeni yake, akaona kweli amesimama katikati ya upenyo. Akasogea. Na niongeze, kwa haki yake, alivua na kofia.

Mama akaenda. Hakwenda vizuri. Aligonga bega penye ukuta wa nyumba ya tano, unga ukamwagika nywele zake zikawa za bibi kizee. Alikosa kona moja akarudi mwenyewe. Kwenye lile jiwe kubwa, ambalo ubao haukuweza kulisawazisha, aliweka mkono wote, akakaa nalo kidogo, kisha akapinda kulia. Watu tulimfuata kwa mbali, hakuna aliyekohoa. Nyimbo mbili ziligeuka kumi. Alifika mahali pake sokoni, akashusha kikapu, akaketi, akafuta uso kwa pindo la kanga.

"Umechelewa sana, mama," karani akasema.

"Nimechelewa," mama akasema. "Kupotea sijapotea. Nani anataka unga?"

Karani akafungua daftari akafuta mstari mmoja, akaandika juu yake. Hakutuonyesha alichoandika, lakini cheti cha Kinampanda hakikuja.

Tuliporudi mama alipita uani, akachukua kisu cha kuchunia na kigae kimoja kilichobaki kwenye majivu. Akaenda kona ya Bi Zuhura, kwenye ule udongo ambao haujakauka vizuri, akaanza kuchimba. Mbele ya watu wote, jua limesimama.

"Debora," Bi Zuhura akasema, "nyumba yangu hiyo."

"Nyumba ni yako, Bi Zuhura. Kona ni yangu."

Nilidhani tunafukuzwa. Mpangaji hakumjibu mwenye nyumba hivyo. Bi Zuhura akashika kiuno, akatazama ukuta wake mweupe, kazi ya siku tatu.

"Basi chimba vizuri," akasema. "Unakwangua kama panya. Ufa sitaki, papasi watarudi. Chimba alama, siyo ufa."

Wakachimba pamoja, kila kona hadi sokoni, mmoja akichimba, mwingine akilainisha kingo kwa kidole chenye maji. Nami nikachukua kijiti nikaanza kuchimba chini, kimo cha mkono wangu.

"Unafanya nini?" mama akauliza. Alisikia.

"Nachimba zangu."

"Zako za nini?"

"Za nikipofuka."

Kisu kikasimama. Bi Zuhura akanitazama mimi, si mama. Mama akachuchumaa, akanishika uso kwa mikono yake yenye udongo, akapitisha vidole gumba chini ya macho yangu, akakuta matongo na uvimbe. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunipapasa macho.

Kesho yake hakusaga. Alinyoosha mkono mlangoni akasema, "Nishike. Tunaenda bomani, huko njia siijui."

Sijawahi kushika kitu kizito kama mkono ule. Tulitoka Upagazini, tukapanda kilima mahali pasipo na kuta, yeye akijikwaa na mimi nikiogopa kumwambia pole. Karani alikuwa barazani pa ofisi ya afya. Alisimama alipotuona, akamwamkia mama shikamoo.

"Marahaba. Yupo bwana wako?"

"Yupo, lakini ana kazi. Siku ya macho ni Alhamisi."

"Nitafutie mlango," mama akaniambia. Nikampeleka. Aliupapasa mpaka akajua upana wake, kisha akaketi pale pale kizingitini, akanivuta katikati ya magoti yake. Mlango usingeweza kufungwa wala mtu kupita bila kuturuka.

"Jana alikuja kuniangalia mimi kama natembea," akasema, kwa sauti ya kufika ndani. "Leo amwangalie huyu. Tutamsubiri amalize kazi."

Jua lilikuwa limefika miguuni petu mzungu alipotoka. Akachuchumaa, akageuza kope zangu kwa kidole, akaagiza dawa, akanipaka. Ilikuwa inachoma vibaya sana. Nilipiga kelele, nikapiga mateke, nikamuuma mama mkono. Hakuniachia.